The Long Black Veil ya The Chieftains: mastaa kibao ila Ireland haijapotea

Albamu ya 1995 hii lakini bado naisikiliza sana, The Chieftains, bendi ya muziki wa asili wa Ireland, wamealika kina Sting, Mick Jagger, Van Morrison na Mark Knopfler, na mara nyingi albamu za hivi mgeni anammeza mwenyeji, ila hapa wapi! Aliyenimaliza ni Sinéad O'Connor kwenye The Foggy Dew, wimbo wa mapambano ya Pasaka 1916 kule Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza, anaimba kwa uchungu kweli, halafu ile zumari ya Paddy Moloney, kiongozi wa bendi, ile inayojazwa upepo kwa kiwiko sio kwa mdomo, mpaka nywele zinasimama. Tom Jones na Tennessee Waltz mi naona haikai humu. Mnaopenda fidla anzeni na Rocky Road to Dublin, wamepiga na Rolling Stones, fujo tamu sana.