Mapengo kumi ya karatasi ya kwanza: kijitabu, karatasi za zamani au simu?

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ile yenye nambari 101/1, ina alama 60, na 10 kati ya hizo ni za kloze. Ni kifungu kimoja kifupi chenye mapengo kumi, na kila pengo linataka neno moja. Hakuna maneno ya kuchagulia. Ukiandika maneno mawili umekosa, na neno sahihi lililokosewa tahajia ni sifuri. Mtihani wote ni wa saa mbili, yaani dakika mbili kwa kila alama, kwa hivyo kloze ina dakika 20 zake. Aliyejizoeza vizuri huimaliza kwa 12 au 13 na kuzipeleka zilizobaki kwenye uandishi, ambako hazitoshi kamwe.

Vitu vya kujizoezea havikosekani: vijitabu vya marudio, karatasi za zamani zinazochapishwa saiba, programu za simu, tovuti zinazojikatia maneno zenyewe. Hapa tunavipima kwa swali moja tu. Je, pengo linamlazimisha mwanafunzi asome, au linamwacha abahatishe?

Tuanze na vijitabu, maana ndivyo wazazi hununua. Jalada halisemi chochote, na idadi ya vifungu vilivyomo husema kidogo sana. Fungua ukurasa wowote wa kati, ujaribu mapengo kumi ukiwa bado umesimama dukani. Haya matano tumeyaandika wenyewe kwa mtindo wa vijitabu hivyo, mazuri na mabaya yakiwa yamechanganywa:

Hardly had the bus left the stage 1 ______ it began to rain. The passengers, most of 2 ______ had no umbrellas, were looking 3 ______ to reaching home. One woman was used to 4 ______ delays. She had bought a 5 ______ in town and she held it on her lap.

Pengo la kwanza ni zuri. Jibu ni "when" (hata "before" hukubalika), na ushahidi uko mwanzoni kabisa mwa sentensi, kwenye "Hardly had". Wengi huandika "than" kwa sababu wanaichanganya na "no sooner", ambayo ndiyo inayokwenda na "than". Ukikuta kijitabu kimeweka "than" kama jibu la pengo la namna hii, kirudishe rafuni bila kusoma zaidi.

La pili pia ni zuri. Jibu ni "whom". Mwanafunzi wa Kidato cha Pili ataandika "them", na akisoma kipande hicho peke yake kitamwonyesha amepata: "most of them had no umbrellas" ni sentensi kamili. Tatizo ni hilo hilo, kwamba imekamilika, ilhali imewekwa katikati ya sentensi nyingine kati ya mikato miwili. Mikato hiyo ndiyo inayodai kiwakilishi rejeshi. Pengo moja hapo limefundisha alama za uakifishaji na vishazi kwa pamoja, na ndiyo sababu kloze nzuri hushinda kurasa tatu za kanuni za sarufi.

La tatu ni "forward", na anayeliona ni yule anayesoma mbele ya pengo: "to reaching" haikai popote pengine.

Sasa la nne. Mwongozo wa majibu utasema "such". Lakini "these", "those", "long" na hata "the" zinaingia bila kosa la sarufi. Mwanafunzi aliyeandika "long" atasahihishiwa kuwa amekosa, ataanza kuitilia shaka akili yake, na hakuna alichojifunza. Kulitengeneza kunahitaji tu kulisogeza hatua moja kushoto: "was used ______ such delays". Hapo jibu ni "to" peke yake, na pengo limegusa kosa ambalo darasa zima hufanya, la kutotofautisha "used to wait" na "used to waiting".

La tano halifai kabisa. Keki, kuku, redio, chochote. Neno "a" linaondoa tu nomino za wingi, zisizohesabika na zinazoanza kwa sauti ya irabu, na "on her lap" inaondoa labda kochi. Vijitabu vilivyoandikwa haraka hujaa mapengo kama hili, kwa kuwa nomino ndilo neno rahisi zaidi kulifuta: linaonekana, na linampa mwandishi hisia kwamba anapima msamiati. Msamiati hupimwa pale neno linapofungwa na jirani zake, kwa mfano "commit" mbele ya "a crime" au "heavy" mbele ya "rain". Kipimo chetu cha dukani: katika mapengo kumi, matatu yakiwa yanapokea maneno matatu au zaidi kila moja, kitabu hicho hakifai.

Kisha geuza kurasa za mwisho. Orodha kavu ya maneno kumi inatosha kwa mwalimu, ila mwanafunzi anayejisomea nyumbani haimsaidii. Kinachofaa ni mwongozo unaokubali jibu la pili pale linapostahili, kama "but" au "yet", na unaoonyesha ni neno gani kwenye kifungu lililoamua. Hata nusu sentensi ya maelezo inatosha.

Karatasi za zamani za KNEC, baraza la mitihani la Kenya, zinabaki mbele ya kila kijitabu. Mapengo yake yamechaguliwa moja moja, yanachanganya vihusishi, viunganishi, viwakilishi na maneno ya msamiati, na kifungu chenyewe kina mwanzo na mwisho. Upungufu wake ni wingi: kila mwaka una kifungu kimoja, kwa hivyo miaka kumi ni mapengo 100, basi. Anayeandika kwa kalamu juu ya karatasi amezimaliza kwa wikendi mbili. Andika majibu kwenye karatasi ya pembeni, rudia kifungu hicho hicho baada ya wiki tatu, na safari hii andika pia ushahidi wa kila jibu. Atakayekumbuka neno bila kukumbuka sababu atajifichua papo hapo. Kuhusu majibu, ripoti ya mtihani ya KNEC ni salama kuliko faili zinazozunguka kwenye WhatsApp bila jina la aliyeziandika.

Namna ya kufanya kifungu kimoja: soma chote kalamu ikiwa mezani, hata kama vidole vinawasha. Kloze nyingi huharibika kwa sababu pengo la pili lilijazwa kabla ya mtu kujua kwamba aya ya tatu inabadilisha hoja. Ukirudi, usitafute neno kwanza, tafuta aina yake: nomino, kitenzi, kihusishi, kiunganishi. Iandike kwa herufi moja pembeni ya pengo. Ukishajua ni kitenzi, uliza wakati wake na kama kiima ni cha umoja au wingi. Ndipo neno lije. Mwisho soma kifungu kizima kwa kunong'ona, pengo likiwa ndani, kwa sababu sikio hukamata "despite he was sick" ambayo jicho limeipita. Halafu tahajia. Hapa mitego ni ile ile miaka yote: "their" na "there", "whose" na "who's", "until" iliyopewa l mbili. Pengo likianza sentensi, herufi kubwa isisahaulike.

Programu za simu zinapendwa na zinadanganya. Nyingi hutoa maneno manne ya kuchagua. Hiyo ni kloze ya KCPE, mtihani wa zamani wa mwisho wa shule ya msingi, iliyokuwa na mapengo 15 na chaguo nne kwa kila moja, na KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Waliokaa mtihani huo ndio watakaofanya KCSE 2027, na walikuja sekondari na ustadi wa kuondoa majibu mabaya mpaka libaki moja. Ustadi huo hauna kazi mahali ambapo hakuna majibu ya kuondoa. Fikiria hesabu pia: anayebonyeza ovyo kwenye mapengo kumi yenye chaguo nne anatarajiwa kupata mawili au matatu. Kwa hiyo sita kwenye simu si sita kwenye karatasi.

Kuna programu zinazotaka uandike neno mwenyewe, na hizo ni afadhali, ila zima kwanza mapendekezo na usahihishaji wa kibodi kwenye mipangilio ya simu. Kibodi ya simu ni mashine ya kujaza mapengo. Ukiiacha wazi, ndiyo inayofanya zoezi, wewe unabonyeza tu.

Tovuti zinazokata kila neno la tano au la saba hatuzipendekezi kwa marudio. Mbinu hiyo ilianza na Wilson Taylor, Mmarekani aliyeipa kloze jina mwaka 1953, naye alikuwa akipima iwapo maandishi yanasomeka, si iwapo mwanafunzi anajua sarufi. Ukikata kwa kuhesabu, kisu kinaangukia jina la mtu, mwaka au idadi ya ng'ombe, na hakuna msomaji duniani anayeweza kuzikisia.

Kwa mwalimu mwenye kompyuta, H5P, zana ya kutengeneza mazoezi ya kompyuta, ndiyo tunayoiweka juu, kwenye aina yake ya kujaza mapengo. Ni ya bure, na kuitengenezea zoezi hakuhitaji utaalamu. Unabandika kifungu, kisha unaweka nyota kabla na baada ya neno unalotaka lifichwe. Majibu mawili yanatenganishwa kwa mkwaju, na dokezo linafuata nukta mbili, hivi:

Hardly had the bus left the stage *when/before:Tazama neno la kwanza* it began to rain, *but/yet* nobody complained.

Kwenye mipangilio kuna kipengele cha kukubali makosa madogo ya tahajia. Hakikisha kimezimwa, maana kikiwashwa neno la herufi tatu hadi tisa linaruhusiwa kosa moja, na neno refu zaidi makosa mawili. Mtihani hauna huruma hiyo. Shule isiyo na intaneti ya kutegemewa inaweza kuandalia zoezi kwenye Lumi, programu ya bure ya kompyuta, na kulihifadhi kama faili moja ya HTML inayofunguka kwenye kivinjari chochote. Faili hiyo inahamishwa kwa fleshi hadi maabara nzima ipate.

Udhaifu wa zana yenyewe ni kwamba inalinganisha herufi tu. Jibu zuri ambalo hukuliwaza litawekewa rangi nyekundu. Dawa ni kumpa mwalimu mwenzako kifungu bila majibu. Kila anapoandika neno tofauti na lako, ama uliongeze baada ya mkwaju, ama usogeze pengo. Acha maneno matano au sita kati ya pengo na pengo. Yakikaribiana kuliko hapo, ushahidi wa moja unafichwa na jingine, na kosa moja linazaa mawili.

Kuna pia vifungu vya B2 First, mtihani wa Cambridge kwa wanaojifunza Kiingereza. Sehemu ya pili ya karatasi yao ya usomaji ina mapengo manane yasiyo na chaguo, neno moja kila pengo, na ndiyo inayofanana zaidi na kloze ya KCSE. Sampuli zinapatikana bure kwenye tovuti yao, na mapengo yamefungwa barabara. Vipe Kidato cha Nne mara mbili kwa mwezi. Vitenzi vyao vyenye vihusishi, kama "put up with" na "come across", vitawatoa jasho, lakini wataondoka na kitu.

Walichokosa Cambridge ni sikio la Kiswahili. Mwanafunzi wetu ana neno moja, kuazima, pale Kiingereza kilipo na "borrow" na "lend", kwa hiyo pengo la "Could you ______ me your ruler?" lina kazi kubwa Machakos kuliko Manchester. Ana "na" moja inayobeba "and", "with" na "by". Ana "sana" inayomfanya atumie "too" mahali pa "very". Hana "a" wala "the" katika lugha yake, na akiona pengo kabla ya nomino, la mwisho kumjia akilini ni herufi moja. Hesabu mapengo ya aina hii kwenye kijitabu unachokishika. Ukipata angalau mawili katika kila kifungu, aliyekiandika amewahi kusahihisha madaftari ya hapa.