Mafunzo ya moyo wa utumishi: yanafaa sana, ila yana pengo moja kubwa

Kwa wote mlioniuliza kama mafunzo haya yanafaa: yanafaa, na ningependa kila mhudumu wa kanisa ayapitie, kuanzia anayesimama mlangoni hadi anayesimama madhabahuni. Lakini kuna somo muhimu halimo, na kukosekana kwake kunaweza kumuumiza mtu.

Kwa kazi mimi ni muuguzi, na kanisani niko kwenye timu ya mapokezi. Kuhudumia watu ndiyo shughuli yangu ya kutwa, kwa hiyo nilikuwa na swali langu mapema: je, watatufundisha namna ya kufanya kazi, au watagusa kile kinachotusukuma kuifanya? Kumpokea mgeni, kupanga viti, kushika zamu, hayo mtu huelekezwa mara moja akaelewa. Lakini mtu anaweza kutabasamu mlangoni huku moyoni anahesabu nani amempita bila kumsalimu. Nashukuru kwamba sehemu kubwa ya mafunzo inashughulika na huko moyoni.

Kuna vipindi vya kukutana ana kwa ana, daftari la mazoezi, na masomo ya sauti ya kusikiliza kwenye simu. Wakufunzi ni wawili: mchungaji, na mama mmoja aliyetumika muda mrefu katika huduma ya kutembelea wagonjwa.

Somo lililonishika kuliko yote ni la Yohana 13, na ni huyu mama aliyelifundisha. Habari ya Yesu kuwaosha wanafunzi miguu tumeihubiriwa wote hadi tunaweza kuimaliza kabla mhubiri hajafungua Biblia. Yeye alitusimamisha kwenye aya ya 3, ambayo wengi huiruka ili wafike kwenye maji na kitambaa. Aya hiyo inasema Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Kisha ndipo anaondoka mezani, anavua mavazi, anajifunga kitambaa. Akatuuliza: kwa nini Yohana ametanguliza hilo? Tukakaa na swali hilo karibu kipindi kizima. Anayejua yeye ni nani mbele za Mungu hapungukiwi kitu akiinama. Asiyejua atainama huku anachungulia nani anamwona. Halafu akatukumbusha kwamba Yuda alikuwa bado chumbani. Hatoki hadi aya ya 30, kwa hiyo na miguu yake iliogeshwa, na Yesu alikwisha kumjua atakayemsaliti. Tulinyamaza. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye angependa zamu ya kumhudumia iangukie mwenzake.

Somo la Gehazi, 2 Wafalme 5, nalo ni zito. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, aliona miujiza kwa macho yake, lakini bwana wake alipokataa zawadi za Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, yeye alimkimbilia Naamani njiani akaomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili, akapewa talanta mbili. Mchungaji alilifundisha vizuri: kukaa karibu na mtumishi wa Mungu hakubadilishi moyo wa mtu kwenyewe. Wanaobeba mikoba ya wachungaji na kupanga ratiba zao walilihitaji hilo.

Somo la Martha na Mariamu, kwa upande mwingine, halikuwa na jipya. Mnaweza kulisoma nyumbani.

Sasa mazoezi. Hapa ndipo mafunzo yanapozidi semina nyingine nilizohudhuria. Kila mshiriki hupewa kazi ya siri: jambo la kumfanyia mtu au kanisa bila mtu kujua, na bila kulisimulia, hata kama ombi la maombi. Wengi wetu tuna ujuzi wa kutangaza matendo yetu kwa mtindo wa kuomba tuombewe. Kaka mmoja mpiga kinanda, mwenye kipaji cha kweli, alipewa kazi ya kukunja nyaya za vyombo baada ya ibada, watu wakishatoka. Kukunja waya kuna adabu yake: unafuata mzunguko wake wenyewe, huusokoti kwenye kiwiko, la sivyo unakatika kwa ndani. Kwenye kipindi cha tathmini hakuulizwa amefanya nini. Aliulizwa: "Ni wakati gani ulitamani mtu aingie akukute?" Akafikiri, akajibu kwamba kila aliposikia mlango. Mkufunzi hakumkemea wala hakumpongeza. Alimwambia tu aendelee na nyaya hizo hadi mlango ukigongwa asiinue kichwa. Naona hilo ni jibu la mtu anayejua kwamba moyo haubadiliki kwa kuhudhuria somo.

Kwenye zoezi hilo hilo mama alitueleza kuhusu Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6 kwa ajili ya watawa. Sura ya 35 inawataka ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu za juma, na anayemaliza zamu pamoja na anayeingia wanawaosha wenzao wote miguu. Nilipenda kwamba hakuna aliyesubiriwa apate hamu ya kunyenyekea. Zamu yako ikifika unachukua maji. Sisi tunaomba Mungu atupe unyenyekevu huku kila kazi ya chini tumeiachia watu wale wale.

Na hao watu wale wale ndio wananifikisha kwenye lawama yangu.

Katika kipindi cha maswali, dada mmoja anayefundisha watoto alisimama. Alisema hajakaa kwenye ibada ya watu wazima kwa muda mrefu sana, kwa sababu kila akiomba mtu wa kumpokea zamu anaambiwa hakuna, na ameanza kuwakasirikia watoto anaowapenda. Alisema haya kwa sauti ya chini, akishika kiti cha mbele yake. Mchungaji akamjibu kwamba mtumishi hachagui, aongeze maombi, Bwana atamtia nguvu. Kisha akaita swali linalofuata.

Sikubaliani na jibu hilo, na ninasema hivyo kwa heshima. Kazini kwetu muuguzi aliyeunganisha zamu hapongezwi kwa moyo wa kujitoa. Anapumzishwa, kwa sababu mtu aliyechoka hukosea dawa. Na Maandiko yako wazi kuliko hata taratibu zetu. Elia alipolala chini ya mretemu akiomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, na mazungumzo yakaja baadaye kule Horebu. Wanafunzi waliporudi kutoka huduma, Marko 6:31, Yesu aliwaita waende faraghani wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Musa alipokuwa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, Yethro, mkwewe, alimwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema na kwamba atachoka yeye na watu pia. Hakumwambia aongeze maombi. Alimwambia atafute watu wa kumsaidia. Na katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahaulika katika huduma ya kila siku, mitume walitaka wachaguliwe watu saba. Penye upungufu, viongozi walipanga upya kazi.

Yote hayo hayamo kwenye mafunzo. Daftari lina kurasa na kurasa kuhusu utii na kujikana, na aya moja tu kuhusu kupumzika. Hali hii inanisumbua kwa sababu maneno kama "moyo wa mtumishi" ni matamu mdomoni mwa kiongozi asiyetaka kubeba mzigo. Petro aliwaonya wazee wasijifanye mabwana juu ya mitaa yao, yaani kundi walilokabidhiwa, 1 Petro 5:3, na Yohana katika waraka wake wa tatu alimtaja Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza. Somo la watumishi lisilo na onyo kwa wanaotumikiwa ni nusu ya somo.

Niseme pia kilichofuata, kwa haki. Wakati wa mapumziko yule mama mkufunzi alimfuata dada yule, wakakaa pembeni hadi kipindi kilichofuata kikaanza bila wao. Sijui walisema nini. Ninachojua ni kwamba mwishoni mama alisimama mbele yetu akauliza nani yuko tayari kushika darasa la watoto kwa zamu, akasubiri bila kusema neno hadi mikono ikaanza kuinuka. Hakumtaja mtu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa fundisho bora kuliko sura nzima ya kujikana, na waandaaji wangelipa nafasi yake kwenye ratiba.

Mambo madogo. Maandishi ya daftari ni madogo mno kwa wazee wetu, na maswali mengi ni ya ndiyo na hapana, hayamlazimishi mtu ajichunguze. Masomo ya sauti ni mazuri ila yamerekodiwa mahali penye mwangwi, yasikilizwe kwa spika za masikioni. Muda unaheshimiwa, jambo ninalolishukuru sana.

Nani ayachukue? Timu nzima kwa pamoja, pamoja na viongozi wake, tena viongozi wakae viti vya kawaida na wapewe kazi ya siri kama wengine. Mkimtuma mtu mmoja peke yake, atarudi na bidii mpya kwenye timu yenye desturi ile ile, na mzigo wote utamwangukia yeye. Ambaye amechoka kabisa, ambaye kwake sauti ya watoto au ya kengele ya ibada imekuwa kero, asianze na mafunzo haya. Kwanza aombe likizo ya huduma, na wazee wa kanisa wampe bila kumhoji imani yake. Akishapumzika, aje asome Yohana 13 na yule mama.

Waandaaji wakisoma haya, ombi langu ni moja: ongezeni kipindi cha Elia, Yethro na Matendo 6, na akifundishe yule mama.