Flashi juani: shata ya kwenye lenzi au ya mbele ya kihisi?
Shata ni pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye kihisi, sehemu inayonasa picha. Kamera nyingi zenye shata mbele ya kihisi, ukitumia flashi, hukwama kwenye kasi ya sekunde 1/200 au 1/250. Ukizidisha, picha inaingia utepe mweusi. Dawa ni flashi ya mipigo mfululizo, ila inakula betri, na mwanga hupungua stopu mbili au zaidi (kila stopu huupunguza nusu). Juani hilo ni pigo.

Shata ya ndani ya lenzi, kama ya kamera ya Fujifilm X100V, hupiga 1/1000 hata na flashi ndogo ya bei nafuu. Lakini lenzi yake haibadilishwi. Lenzi za kamera za Hasselblad X, zenye shata ndani pia, hubadilishwa, bei usiulize! Tena flashi kubwa ikiwa nguvu zote, shata ya haraka huukata mwanga wake.

Mpiga picha wa harusi mwenye lenzi kadhaa abaki na shata ya mbele ya kihisi; wa mtaani, X100V inamtosha.