Propela ya pichi 11 kwa Yamaha 40: kwa ziwa letu hii ndiyo yenyewe

Hii propela nimeitumia vya kutosha sasa naweza kuisemea, naandika kwa ajili ya yeyote wa huku Ziwa Victoria, Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Musoma mpaka Bukoba mwenye boti ndogo ya kutembelea na familia, maana watu wengi wanahangaika na mashine wakati shida iko kwenye kile kipande cha chuma kinachozunguka huko nyuma.

Ni Yamaha orijino, ya aluminiamu, mapanga matatu, imegongwa namba 11 5/8 x 11-G. Nimeifunga kwenye Yamaha ya HP 40 ya kuchanganya oili, boti ni ya faiba futi 16. Namba ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga yakizunguka, ya pili ndiyo pichi yenyewe, yaani propela ikizunguka mara moja ingesogea mbele inchi ngapi kama maji yasingekuwa yanateleza. Sasa maji yanateleza, kwa boti kama hizi zetu unapoteza kama asilimia 10 mpaka 20 hivi, mzigo ukiwa mkubwa inazidi. Ile herufi ya mwisho usiipuuze, inaonyesha kundi la mashine, G na K hazifungwi kwenye shafti moja hata kama namba za mbele zinakupendeza.

Boti ilikuja na propela ya 11 1/8 x 13-G. Ilinunuliwa Dar, huko ilikuwa inazunguka baharini kwa mwenyewe wa kwanza na hakuwa na malalamiko nayo. Ilipofika huku ikawa boti nyingine kabisa, ukipakia watu watano, kuleri la soda na barafu, laifu jaketi na tenki la lita 24 limejaa, unafungua moto wote pua inaangalia juu, nyuma imezama, mashine inanguruma kwa sauti nzito halafu mwendo hauji. Inachukua muda mrefu mpaka inyanyuke ikae juu ya maji, na mtu mmoja akisogea nyuma inashuka tena. Watu wakaniambia fungua kabureta, badilisha plagi, mashine imechoka. Plagi zilikuwa mpya.

Fundi mmoja wa pale Kirumba, mzee wa siku nyingi kwenye mashine za mitumbwi, aliishika tu ile propela akasoma namba akasema, "Bosi, hii propela ya baharini hii." Na yuko sahihi kabisa, na hiki ndicho kitu ninachotaka watu wa kanda hii wakielewe vizuri. Ziwa letu liko juu, kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar au Tanga, na mashine isiyo na taabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, piga hesabu unaona kwamba kabla hujapakia hata mtu mmoja karibu asilimia 10 na zaidi imeshaondoka. Yaani HP 40 ya Dar ikifika Mwanza ni kama 36 hivi. Ukiifungia pichi ile ile ya baharini ni sawa na kuondoa gari na gia ya tatu kwenye mlima wa Bugando, itaondoka ndiyo, lakini sikiliza injini inavyoteseka.

Na kuteseka huko kuna gharama. Mashine iliyofunguliwa moto wote halafu haifiki mizunguko yake inapata joto, inajaza kaboni, inakula pistoni na beringi taratibu wakati wewe unaona umetulia tu kwa sababu mlio ni wa chini. Kitabu cha mashine yangu kinasema ukifungua moto wote inatakiwa ifike kati ya 4500 na 5500 rpm, yaani mizunguko kwa dakika. Kila mashine ina namba zake, tafuta za kwako kwenye kitabu. Hiyo ndiyo mizani ya kuchagulia pichi, siyo spidi ya jirani na wala siyo propela inavyong'aa dukani.

Kanuni ni rahisi, ukishusha pichi inchi moja mizunguko inapanda kama 150 mpaka 200, ukipandisha inashuka hivyo hivyo. Kwa hiyo unahitaji kujua uko wapi kwanza. Mashine za kuongozwa kwa mkono nyingi hazina takometa, yaani kipimo cha mizunguko, nunua zile ndogo zenye waya unaouzungushia kwenye waya wa plagi, ila uiweke kwenye mpangilio wa aina ya mashine yako la sivyo itakusomea nusu au mara mbili. Halafu pima asubuhi kabla upepo haujaamka, mzigo uwe ule unaobeba siku zote, nenda na urudi kwenye mstari ule ule ili upepo na mawimbi yasikudanganye, na spidi soma kwenye GPS ya simu. Mimi napimia upande wa Luchelele maana kuna nafasi ya kutosha na siyo njia kuu ya feri.

Pichi 13, watu watano na mizigo: 4300 rpm, 33 km kwa saa. Mashine haifiki hata mwanzo wa namba zake. Pichi 11, watu wale wale: 4700 rpm, 34 km kwa saa. Mtu akiangalia spidi peke yake atasema hakuna tofauti, lakini tofauti iko kule chini, boti inanyanyuka upesi, pua inashuka, abiria hawaambiwi tena wasogee mbele, na nikipunguza moto kidogo tukielekea upande wa daraja la Kigongo-Busisi inabaki juu ya maji bila kuzama nyuma. Mawimbi ya mchana yakianza pia una nguvu ya haraka mkononi, hilo kwangu ni usalama kabisa, ziwa hili likibadilika halikupi muda.

Nikiwa peke yangu inafika 5300, bado chini ya 5500. Hapo ndipo mtu aliyeshuka sana anapoumia, ukienda pichi 9 kwa boti nyepesi mashine italia kupita kiasi, na ukikaza moto hivyo kila siku unaiua kwa upande wa pili.

Sasa mapungufu, maana yapo. Ukiwa mwepesi na safari ni ndefu, tuseme mtu mmoja au wawili mnaenda Ukerewe, pichi 11 inazungusha mashine zaidi kwa mwendo ule ule na petroli inaonekana inavyoenda. Kama safari zako nyingi ni za hivyo, ipo 11 3/8 x 12-G, ningeanza na hiyo. Na rangi yake haidumu, ukishusha boti kwenye changarawe kidogo tu inachunika.

Kuhusu stenlesi, najua inavutia na kweli panga zake ni nyembamba na hazipindi hovyo, lakini kwa Mwanza mimi siishauri kwa boti ndogo. Mawe ya huku mnayajua, siyo Bismarck peke yake inayoonekana mpaka kwenye picha, kuna yale yaliyolala futi moja chini ya maji kuzunguka Saanane na Capri Point na huko Ukerewe ndiyo usiseme. Aluminiamu ikigonga inapinda au inakatika panga, na ile raba iliyo ndani ya kitovu inateleza kidogo kupunguza pigo, fundi anainyoosha au unanunua nyingine. Chuma kigumu pigo lote linaweza kwenda kwenye shafti na gia, na gia boksi siyo bei ya propela. Kaa na aluminiamu mbili, moja ya akiba ndani ya boti pamoja na spana, kotapini (ile pini inayozuia nati ya propela isifunguke) na koleo.

Kabla hujalaumu pichi angalia vitu vingine pia. Panga iliyopinda hata kidogo inaleta mtikisiko na inakula mwendo. Boti iliyoota ukijani chini ni nzito. Mashine ikifungwa juu sana propela inavuta hewa kwenye kona, inalia ghafla bila kusukuma, ile sahani bapa iliyo juu ya propela iwe karibu usawa na tumbo la boti kwa chini. Magugu maji yakijisokota nyuma zima kwanza ndiyo uyatoe. Na timba jamani, zile nyavu za uzi wa plastiki, uzi wa timba ukiingia nyuma ya propela unakata sili, maji yanaingia gia boksi, ukifungua oili unakuta imekuwa nyeupe kama maziwa. Mimi kila nikitoa boti majini siku za karibu na mialo ya wavuvi navua propela naangalia pale nyuma, kisha napaka grisi kwenye meno ya shafti narudisha na kotapini mpya.

Duka niliponunua ni la spea za boti njia ya kwenda mwaloni Kirumba, na huduma yao nawapa sifa kwa jambo moja kubwa, walikubali niondoke na 11 na 12 zote kwa kuacha hela kamili, nikapime, niliyoirudisha haina mkwaruzo wakanirudishia pesa yangu bila maneno. Kijana wa kaunta aliuliza mashine gani, boti futi ngapi, unabeba watu wangapi, ndiyo akapanda ngazi kutafuta. Maduka mengine unaulizwa HP tu unapewa iliyo karibu na mkono. Zile za kuigiza nazo wanazo na ni karibu nusu ya bei ya orijino, wanakuonyesha zote mbili bila kukuficha, mimi nilizigeuza nikaona unene wa panga haulingani moja na nyingine nikaachana nazo. Jumapili wamefunga, hawana mashine ya kadi, kwa hiyo nenda Jumamosi asubuhi na keshi, na ubebe propela yako ya zamani au picha ya namba zake maana hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.