Laka au 2K: rangi ipi ununue kwa gari la zamani ukiwa Kigoma

Swali la kwanza si bei wala mng'aro. Ni hili: gari linalala wapi? Likiwa na banda lenye paa na mlango, una nafasi ya kuchagua. Likilala chini ya mwembe, kama yalalavyo mengi hapa Ujiji, Mwanga hadi Gungu, basi jua, utomvu na kinyesi cha popo vimeshakuchagulia.

Langu ni Land Rover 109 la mwaka 1976, na mara ya kwanza nililipiga laka, ile ambayo mafundi wetu huiita NC. Mzee mmoja wa barazani kwenye kahawa alinishauri: "Mwanangu, gari la zamani livae nguo ya zamani." Maneno matamu, nami nikaenda kununua makopo. Lilitoka gereji likiwa zuri hasa, kijani kilichokolea, na wiki ile nilipita mjini polepole kuliko ilivyohitajika. Haukufika msimu wa pili wa mvua, boneti ikawa imepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia, na pale petroli ilipomwagikia chini ya mdomo wa tangi rangi ilitoka na kitambaa. Kwa hiyo ujue mapema kwamba anayekupangia orodha hii alilipa mara mbili.

Tope na saruji

Laka hukauka kwa kupoteza tina tu, yaani kile kimiminika cha kuizimulia rangi. Tina ikishapaa, kinachobaki juu ya bati ni kile kile kilichokuwa ndani ya kopo, na ukikipaka tina tena hata baada ya miaka kumi kinayeyuka. Ni tope: limekauka, lakini limwagie maji uone. Rangi ya yurethani, yaani 2K, ni saruji. Unachanganya rangi na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, vinashikana kikemia, na vikishashikana hakuna petroli ya kuvirudisha nyuma.

Ukilielewa hilo umeelewa karibu kila kitu. Tope ni rahisi kulitengeneza: ukikwaruza gari la NC, mkono mpya, yaani mpako mpya, unayeyukia ndani ya ule wa zamani, na fundi mzuri akimaliza huoni kiraka. Saruji ni ngumu, lakini kila mkono mpya unakaa juu ya wa zamani, hivyo wa zamani ukishakauka kabisa, usipoukwangua kwa msasa kwanza mpya hautashika.

Na hii habari ya "nguo ya zamani" tuipunguze kidogo. Laka ya nitroselulosi, ndiyo hiyo NC, ilipata jina miaka ya 1920 kupitia rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, ambayo General Motors waliipiga kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Ilisifiwa kwa kasi, kwani kabla yake kupaka gari na kulisubiri likauke kulichukua wiki kadhaa. Kufikia miaka ya 1970, wakati Land Rover na Peugeot 504 nyingi tunazozijua zinatoka kiwandani, viwanda vingi vilikuwa vimehamia rangi za kuokwa kwenye tanuri. Asili ya gari lako huenda si laka hata kidogo.

Namba moja: 2K ya rangi moja, bila klia

Hii ndiyo ninayopendekeza kwa gari la zamani linalotembea na kulala nje. Inang'aa yenyewe bila kupakwa juu klia, ile vanishi angavu, na mng'aro wake ni wa kiasi, haufanani na kioo kilicholowa. Kwenye gari la zamani mng'aro uliozidi humpa mzee sura ya kijana aliyekopa suti. Mikono miwili au mitatu inatosha. Ikikaa usiku mzima unaishika bila wasiwasi, ingawa ugumu wake kamili huchukua wiki au zaidi, kwa hiyo usikimbilie kuiosha kwa sabuni kali.

Nyeupe, krimu, kijani, samawati, kijivu: rangi zote zisizo na chembe za kumetameta zinapatikana kwa mtindo huu. Ukinunua, linganisha kwa hesabu sahihi. Kopo la NC ni rahisi, lakini huchanganywa na tina nyingi, mara nyingi nusu kwa nusu au zaidi, na sehemu kubwa ya ulichonunua inapaa. Ndiyo maana NC hudai mikono sita, minane, wakati mwingine kumi, na kati yake msasa wa maji, na mwisho kupolishi kwa mkono hadi bega liume. Jumlisha makopo, tina, msasa na siku za fundi, ndipo useme ipi ni ya bei nafuu.

Kikwazo cha 2K ni saa. Ukishachanganya hadina, umeanza kuhesabiwa: una muda mchache tu kabla mchanganyiko haujaanza kuganda kwenye bunduki ya kupulizia. Umeme ukikatika umemaliza mlango mmoja, kompresa inakaa kimya na rangi haikusubiri. Fundi wangu wa sasa huchanganya kidogo kidogo, paneli kwa paneli, na hujaza tangi la kompresa kabla hajafungua kopo. Fundi anayechanganya lita nne kwa mpigo, mtafutie kazi nyingine.

Namba mbili: rangi ya chini na klia juu

Kama gari lako lilizaliwa na rangi ya kumetameta, hapa ndipo pako. Rangi yenyewe haina mng'aro. Inakingwa na klia ya 2K. Ni nzuri na inavumilia jua ikiwa klia ni ya kweli. Klia duni ndiyo ile unayoiona kwenye paa za magari mengi barabarani, imechanika na kubanduka vipande kama ngozi ya nyoka. Ikifika hapo hairekebishiki kwa polishi, unakwangua paa zima. Kwa Land Rover au pikapu ya zamani sioni sababu ya kulipia mara mbili.

Namba tatu: laka

Usinielewe vibaya, laka naipenda. Ikipolishiwa vizuri ina kina ambacho 2K haikipati, ukitazama unahisi unaangalia ndani ya rangi. Inakauka kabla vumbi halijatua, dakika chache tu, jambo kubwa kwa gereji ya uani bila kuta. Na rangi iliyobaki kopo likifungwa vizuri inakungoja.

Lakini inataka banda, na inataka mwenye gari anayependa kupolishi kuliko kuendesha. Haipendi petroli. Haipendi joto la mchana na baridi ya usiku kupokezana, kwa sababu ikizeeka inakakamaa na kutoa nyufa nyembamba. Halafu kuna mvua zetu. Kuanzia Novemba hewa ya kando ya ziwa inakuwa nzito kwa unyevu. Tina ya NC inapopaa haraka inalipoza bati, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, na gari jeusi linageuka kama limepakwa maziwa. Mafundi huongeza tina inayopaa polepole, na inasaidia, lakini afadhali kungoja siku kavu.

Laka inapanda hadi namba moja katika hali moja tu: gari bado lina laka yake ya kwanza na unarekebisha sehemu ndogo. Kulijua hilo ni rahisi. Chukua pamba, ilowanishe tina ya NC, sugua mahali pasipoonekana, ndani ya mlango kwa mfano. Pamba ikitoka na rangi, ni laka. Rangi ikijikunja na kuvimba, ni rangi ya mafuta. Isipofanya lolote, ni 2K au rangi ya kuokwa kiwandani. Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote, maana NC ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta huinyanyua yote ikakunjamana mbele ya macho yako.

Ya mwisho: rangi ya mafuta ya geti

Najua inapigwa, tena sana, na kwa gari la kubebea mchanga siilaumu. Kwa kuvumilia jua inaweza hata kuishinda NC. Inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Tatizo ni kwamba hukauka taratibu, na Kigoma ya Julai na Agosti, vumbi jekundu likiwa hewani, kila nzi na kila punje inapata makazi. Pia inaharibu kesho: atakayetaka kupiga kitu bora juu yake atalazimika kuikwangua yote.

Dukani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na si kwenye kuchagua aina.

Kwanza, usinunue hadina iliyomiminwa kwenye chupa ya maji. Hadina ya 2K hunywa unyevu wa hewani; ikishafunguliwa inaanza kuharibika. Taka kopo lililofungwa kiwandani, dogo kadiri ya kazi yako. Likifunguliwa na ndani pana ukungu au utando, rudisha. Chukua hadina ya rangi ile ile uliyonunua, na fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, iwe mbili kwa moja au nne kwa moja. Kuongeza "kidogo ili ikauke haraka" hakukusaidii kitu.

Pili, hadina si hadina. Ile ya kwenye tyubu, nyekundu, ni ya puti, ile ya kuziba mabonde ya bati. Haina undugu na ya rangi. Nimemwona kijana akiikamulia kwenye kopo la 2K kwa sababu muuzaji alimwambia "hadina zimeisha, chukua hii." Rangi ile ilibaki inanata kama asali. Na hata kwenye puti usiizidishe, kwani wekundu wake unaweza kupenya na kutokea juu ya rangi nyeupe.

Tatu, tina. Tina ya NC mara nyingi ina spiriti ndani yake, na spiriti inaila hadina kabla haijashikana na rangi. Matokeo ni 2K iliyofifia na laini, kisha lawama zinaiendea rangi. Nunua tina ya 2K, hata kama muuzaji anaapa kuwa zote ni moja.

Nne, na hili ni la Kigoma hasa: kama pikapu yako imewahi kubeba mawese, tenga pesa ya dawa ya kuondoa mafuta kabla ya pesa ya rangi. Mafuta yaliyobaki kwenye maungio ya bodi huifanya rangi mbichi ikimbie na kuacha vijishimo vya mviringo, macho ya samaki. Msasa peke yake hauyatoi, unayasambaza. Osha kwa sabuni na maji moto, kausha, futa kwa dawa na vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kimoja cha kukausha, ndipo uguse msasa.

Na praima, yaani mkono wa kwanza wa kuishikisha rangi. Bodi ya Land Rover za zamani sehemu kubwa ni aloi ya aluminiamu, na rangi haishiki juu ya aluminiamu tupu bila praima inayoing'ata au ya epoksi. Shasi na ukuta wa mbele ya miguu ni chuma, huko kutu ndiyo adui. Nikisikia mtu anabana pesa kwenye praima ili anunue rangi ya bei, namkumbusha Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, lakini kabla ya hapo walizipaka injini zake grisi nzito, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 bado ilifaa kutengenezwa.

Kifua chako

Hili ndilo pekee linaloweza kuishusha 2K kutoka namba moja. Hadina yake ina kemikali iitwayo isosianeti. Ukiivuta inaweza kukupa pumu, na mwili ukishaikataa mara moja, hata harufu ndogo baadaye inakufunga kifua. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu. Kiwango cha chini ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa vipya, pamoja na glavu na nguo ya mikono mirefu. Bora zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Maziwa wanayokunywa mafundi baada ya kazi yanaenda tumboni, moshi wa rangi umekwenda mapafuni, havikutani.

Kama gereji iko uani na watoto wanazunguka, au fundi hana barakoa na hataki kuvaa uliyomnunulia, basi piga NC, na mwombe mama ntilie wa jirani asogeze jiko lake, kwa sababu mvuke wa tina ya NC unashika moto kwa cheche ndogo. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi pia, kwa hiyo kwangua kwa msasa wa maji, vumbi lisiruke.

Saa za kupulizia ni asubuhi, umande ukishakauka na bati halijawaka. Mchana boneti inachoma, rangi inakauka kabla haijatandaa na kubaki na vipele kama ganda la chungwa. Mwaga maji sakafuni kwanza ili vumbi litulie.

109 langu sasa lina 2K ya kijani kile kile, mwaka wa nne, bado liko chini ya mwembe. Dashibodi niliiacha na NC, huko ndani hakuna jua wala petroli. Kopo la rangi lililobaki liko chini ya kitanda, zima kabisa. Hadina yake iliganda zamani. Nikikwaruzwa sokoni nanunua kijikopo kipya cha hadina tu.