TAHADHARI: Anayeuza safari ya meli kwenda Aldabra kutoka Kampala ni tapeli

Ndugu wapenzi wa ndege na wanyama, naandika kuwatahadharisha kuhusu mtu anayezunguka Kampala na Entebbe akiuza nafasi katika safari ya meli kwenda kisiwa cha Aldabra, nchini Ushelisheli. Meli anayoiuza haipo, tiketi za ndege anazotoa ni karatasi tupu, na pesa akishazipokea hazirudi. Sitamtaja kwa jina, kwa sababu jalada limeshafunguliwa na wakili ametuonya tusimpe mwanya wa kutugeuzia kibao kwa kesi ya kuchafuliwa jina. Hata hivyo, waliohudhuria kile kikao cha kikundi chetu cha wapenzi wa ndege na wanyama kule Entebbe wanamjua: ni yule mwenye miwani aliyekuja na darubini shingoni, akala chapati zetu na kukaa hadi magharibi kama shemeji aliyekuja kutembea.

Kusema tu kwamba tuliliwa pesa hakutoshi, kwa hiyo nitaeleza jinsi alivyotupokea siku ya malipo. Ofisi yake ilikuwa Wandegeya, hapa Kampala, ghorofa ya pili, chumba kimoja kisafi chenye feni, ramani kubwa ya Bahari ya Hindi ukutani na msichana wa mapokezi aliyetuletea chai ya tangawizi kabla hatujakaa sawasawa. Hajati, mama mzee wa kikundi chetu, alipewa kiti chenye mto kwa ajili ya mgongo wake, ingawa hakuna aliyekuwa amemweleza mwenye ofisi habari za mgongo huo. Nadhani alimwona akishika kiuno wakati wa kupanda ngazi. Hilo ndilo linaloniwasha hadi leo, kwamba mtu mwenye jicho la kuona maumivu ya mama mzima alilitumia jicho hilo hilo kumwibia.

Alifungua kompyuta akatuonyesha mchoro wa meli, sakafu moja baada ya nyingine, vyumba vilivyouzwa vikiwa vyekundu na vilivyobaki vikiwa vya kijani. Vya kijani vilihesabika kwa vidole. Tukiwa bado tunavitazama simu yake ikaita, akazungumza kwa Kiingereza cha haraka na mtu aliyemwita kapteni, na papo hapo kisanduku kimoja cha kijani kikageuka kuwa chekundu. "Samahani sana wazee wangu, hicho kimeondoka, wamechukua Wajerumani," alisema, na uso wake ulionyesha masikitiko ya kweli kabisa. Mwalimu, mwenzetu ambaye nyote mnajua asivyopenda kuharakishwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa bahasha mezani.

Kisha likaja jambo la viatu. Alichukua daftari lenye mistari akaandika namba ya kiatu ya kila mmoja wetu, akieleza kwamba Aldabra haina gati, kwamba watu hushushwa kwa boti za mpira na kukanyaga majini, na kwamba jiwe la matumbawe la kisiwa kile limechongoka kiasi cha kupasua soli nyepesi. Hajati hakuikumbuka namba yake. Basi mtu yule akapiga goti sakafuni, akaomba radhi kwa kumgusa, akaupima mguu wake kwa rula ya plastiki kutoka kisigino hadi kidole gumba, akaandika sentimita. Alituambia pia kwamba kabla ya kushuka kila mtu hupindua mifuko ya nguo, hupiga viatu brashi na kuchokoa mbegu zilizonasa kwenye mikanda ya begi, ili mmea wa kigeni usiingie kisiwani. Baada ya hapo alitoa kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, akagonga mhuri wenye tarehe, akapiga picha pamoja nasi mbele ya ramani. Picha hiyo ninayo, na sote tunatabasamu.

Wapo wanaoniuliza tulimwaminije. Wanaouliza hivyo hawakumsikia akizungumza. Alijua kwamba Aldabra iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982, kwamba inasimamiwa na taasisi ya Seychelles Islands Foundation iliyoanzishwa mwaka 1979, kwamba ina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na kwamba yupo pale ndege mdogo wa ardhini asiyeweza kuruka, wa mwisho wa aina hiyo aliyebaki katika visiwa vyote vya Bahari ya Hindi. Alitusimulia jinsi Waingereza walivyotaka kujenga kituo cha ndege za kivita kisiwani humo katika miaka ya 1960, wanasayansi wakapiga kelele hadi mpango ukaachwa mwaka 1967. Alieleza jinsi maji yanavyojaa na kupwa kupitia milango michache kati ya visiwa vya Picard, Polymnie, Malabar na Grande Terre, na jinsi boti zinavyosubiri saa ya maji kujaa ili ziingie katika ziwa la bahari lililozungukwa na visiwa hivyo. Usiku ule nilihakiki nyumbani jambo moja baada ya jingine, na kila alichosema kuhusu kisiwa kilikuwa kweli tupu. Alisisitiza hata kadi ya njano, kwamba anayetoka Uganda haingii Ushelisheli bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hilo nalo ni kweli. Tapeli wa kawaida hajisumbui na kadi ya njano.

Isitoshe, sisi tulikuwa tumetoka Ngamba, kile kisiwa cha hifadhi ya sokwe katika Ziwa Victoria, tukaona jinsi watu waaminifu wanavyoendesha shughuli za kisiwa cha wanyama: boti imefika kwa saa yake, sokwe wamelishwa mbele yetu, risiti mkononi, kila mtu kwake. Ndipo yale mazungumzo mnayoyajua yalipoanza, kwamba kama Ngamba iko kilomita 23 tu kutoka Entebbe na imetupa furaha ile, je, tukienda mbali? Yeye alikuja wakati sisi tayari tulikuwa na hamu hiyo.

Bei yake ilikuwa dola 3,800 kwa mtu, nusu ikilipwa kwanza, yaani takribani shilingi milioni 7 kila mmoja. Tulipomuuliza mbona ni nafuu kuliko bei tulizoziona kwingine, alijibu kwamba meli inahama kutoka eneo moja la dunia kwenda jingine kwa kubadilisha msimu, na vyumba vyake huuzwa kwa bei ya kutupa ili visisafiri vitupu. Maelezo hayo yana mantiki, na kampuni za meli kweli hufanya hivyo.

Baada ya hapo madai yakaanza kuja moja moja. Kwanza dola 150 za viza. Kisha dola 200 za walinzi wenye silaha, kwa sababu ya maharamia wa Kisomali, na kwa hilo alitutumia habari ya meli ya kitalii ya Ushelisheli, Indian Ocean Explorer, iliyotekwa mwaka 2009. Habari hiyo ni ya kweli, ilitokea katika bahari hizo hizo, na ni kweli pia kwamba uharamia ulizifukuza safari za Aldabra kwa miaka kadhaa. Hajati alilia alipoisoma, akauza mbuzi ili alipe ya walinzi. Hatimaye zikaja tiketi, kutoka Entebbe hadi Mahé, kisha kutoka Mahé hadi Aldabra kwenyewe, tarehe za katikati ya Julai. Alitueleza kwamba meli ingetusubiri kule kule kisiwani, ili tusipoteze siku za kusafiri baharini na ili Hajati asitapike.

Aliyetufungua macho ni mzee wa Jinja, mzaliwa wa Lamu, ambaye ujana wake aliumaliza majahazini. Nilimwonyesha tiketi kwa majivuno, nisiseme uongo. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Julai, mwanangu? Hiyo si kusi?" Akanieleza kwamba tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusi hupiga kutoka kusini mashariki na bahari ile huchafuka, na kwamba mwenye akili huenda visiwa vya mbali wakati wa kaskazi au mwishoni mwake, upepo unapotulia kwenye Machi na Aprili. Nilipofika nyumbani nilitafuta tarehe za meli halisi zinazokwenda Aldabra, na kweli ziko katika miezi hiyo. Kisha nikaona kubwa zaidi: Aldabra haina uwanja wa ndege. Uwanja wa karibu uko kisiwa kingine kabisa, Assumption. Tulikuwa tumelipia ndege ya kutua juu ya kobe.

Nilipompigia alinijibu kwa upole kwamba ni kosa la kuchapa na kwamba tiketi sahihi zingekuja Alhamisi. Alhamisi simu haikupatikana. Wandegeya tulikuta chumba kiko wazi, feni ipo, ramani imebanduliwa, na mtu wa jengo akidai kodi yake kwetu. Kwenye kaunta ya shirika la ndege walituambia namba zile za tiketi hazimo katika mfumo wao.

Sasa niseme la moyoni. Mtu huyu afungwe. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inasema anayejipatia mali kwa udanganyifu anaweza kufungwa hadi miaka 5, na mimi naona miaka 5 ni likizo kwa mtu aliyepiga goti mbele ya mama mwenye umri wa mama yake, akampima mguu kwa rula huku anajua hakuna kiatu wala safari. Afungwe, na kabla ya kufungwa auze gari lile alilotujia nalo arudishe pesa, na picha yake ioneshwe kwenye televisheni kama zinavyooneshwa za wezi wa pikipiki. Msichana wa mapokezi naye ahojiwe, kwani watu hawanyweshwi chai kwa bahati mbaya. Vijana wa boda waliojitolea kumsaka, nawashukuru, ila msimguse, mkimwona piteni polisi moja kwa moja. Tunamtaka akiwa na mdomo wa kusema pesa ziko wapi.

Kwa wanaoombwa pesa hivi sasa, maana nimesikia ameonekana Mbarara akizungumzia safari ile ile, yapo mambo ya kuangalia. Ushelisheli haidai viza kwa raia wa nchi yoyote. Kuna kibali cha kusafiri tu, unaomba mwenyewe mtandaoni kwa ada ndogo, kwa hiyo anayetaka dola 150 za viza muulize ni viza ya nchi gani. Kufika Aldabra kunahitaji idhini ya taasisi inayoisimamia, na anayeuza safari hashindwi kuonyesha maandishi ya idhini ya meli yake. Hakuna hoteli ya watalii kisiwani, wageni hulala melini. Mwulizeni pia jina la meli na namba yake ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli kimataifa, ile ya tarakimu 7, ambayo meli ya abiria ya ukubwa huo haikosi. Kwetu jina lililo kwenye mchoro na jina lililo kwenye risiti yalitofautiana kwa neno moja, akasema meli imebadilishwa rangi na jina. Cheti cha usajili kilichokuwa ukutani kilionekana halali kabisa, ila tulipopeleka namba yake URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara, ikaonekana ni ya biashara ya vipuri vya magari. Malipo yote yalikwenda kwa simu, kwa namba yenye jina la mwanamke tusiyemjua, hata zile bahasha alizipeleka kwa wakala mbele yetu akisema ofisi haihifadhi fedha taslimu. Kama kuna jingine nimelisahau, Mwalimu ataliongeza, kwa sababu mimi nikifika hapo kwenye mambo ya simu damu hunipanda.

Waliolipa kabla yetu au baada yetu waje Kibuli, makao makuu ya upelelezi, wakiwa na risiti zenyewe halisi na si picha zake, pamoja na taarifa ya miamala iliyogongwa mhuri na kampuni ya simu. Afande anayeshughulikia jalada amesema malalamiko yakiwa mengi dhamana itakuwa ngumu kwake siku atakapokamatwa. Atakayekuja anitafute kwanza kwa namba ile ile mliyonayo, nimpe namba ya jalada, na asije peke yake kama Hajati, ambaye aliketi kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa sababu hakujua aulizie chumba gani.