Pikipiki Kubwa Iliyotumika: Ipi Ununue, na Kwa Nini Mwenyewe Anaiuza

Anayetafuta pikipiki ya cc 600 kwenda juu mkononi mwa mtu, awe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, huuliza mwaka, kilomita na bei ya mwisho. Linalofaa kutangulia ni kwa nini inauzwa. Mara nyingine shida ni ya mwenyewe: miguu haifiki chini, mtoto amezaliwa, joto la foleni limemchosha, ada ya shule inadaiwa. Mara nyingine shida ni ya pikipiki: chaji inakufa, valvu hazijapimwa tangu iingie nchini, spea inasubiriwa miezi. Ya kwanza ni mali. Ukinunua ya pili, umenunua deni la mwenzako.

Mpangilio ufuatao umefuata kigezo hicho. Juu zipo zile ambazo watu hukaa nazo na wakiziuza huwa ni kwa mambo yao binafsi. Chini zipo zinazouzwa na mtu anayekimbia gharama.

1. Suzuki V-Strom 650

Hii ndiyo tunayomshauri mtu anayenunua pikipiki kubwa kwa mara ya kwanza. Ilianza mwaka 2004, ikafanyiwa mabadiliko makubwa 2012 na tena 2017, lakini injini ni ileile ya silinda mbili za V, cc 645. Haina makuu. Valvu hupimwa kila kilomita 24,000, petroli inakunywa kiasi, na tangi la lita 20 (22 kwa toleo la kwanza) linakupeleka kilomita 400 hivi bila kusimama.

Wanaoiuza hutaka nguvu zaidi, au wameipeleka kwenye mawe na mchanga wakaona shokapu zake ni laini mno. Wengine wamechoshwa na upepo wa kioo cha mbele unaopiga kofia. Hakuna hata sababu moja hapo inayokugusa wewe unayetaka kwenda Mombasa au Morogoro na kurudi.

Rimu zake za kumwaga hazitumii tyubu, kwa hiyo pancha unaiziba kwa kijiti cha mpira palepale barabarani bila kufungua gurudumu. Ila rimu hizo hupinda zikiingia shimo kwa kasi, basi zungusha gurudumu la mbele likiwa juu na uangalie ukingo wake pande zote mbili. Toleo la kawaida haliji na bamba la chini la kukinga injini, na chujio la oili limekaa mbele ya injini, hasa pale ambapo tairi hurusha kokoto. Kama muuzaji hakufunga bamba, piga magoti na ulikague chujio pamoja na bomba la eksozi. Tairi zake, 110/80-19 mbele na 150/70-17 nyuma, ndizo zilezile za BMW R1200GS ya 2004 hadi 2012, jambo linalorahisisha kuzipata.

2. Suzuki DR650 na Kawasaki KLR650

Za silinda moja. Nguvu ni ndogo kuliko zote humu, na kwenye lami ndefu kwa kilomita 120 kwa saa zinatetemesha mikono. Lakini kwa anayeishi karibu na barabara za vumbi hakuna pikipiki kubwa inayotengenezeka kwa urahisi kama DR650. Haina redieta, inapozwa kwa hewa na oili. Valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati, na nafasi inayotakiwa ni 0.08 hadi 0.13 mm upande wa kuingiza, 0.17 hadi 0.22 mm upande wa kutoa. Fundi wa bodaboda mwenye fila geji, vibati vya kupimia nafasi hiyo, anaiweza kazi hiyo kwa asubuhi moja. Ina kilo 166 tu, na ikilala mtu mmoja anaiinua.

Uliza jambo moja. Nyuma ya klachi, ndani ya injini, kipo kihisi cha gia huru kilichofungwa kwa skrubu mbili ndogo. Skrubu hizo hulegea kwa miaka, na ikianguka moja kati ya gia, injini inaharibika. Dawa ni kufungua kava la kulia, kutoa klachi na kuzifunga upya kwa gundi ya nati au kwa waya. Muuzaji anayejibu mara moja kwamba kazi hiyo imeshafanyika ni mtu aliyeijua pikipiki yake. Asiyejua unazungumza nini, mpunguzie bei ya kazi hiyo na uifanye mwezi wa kwanza.

KLR650 ina tangi kubwa la lita 23 na kiti chenye huruma zaidi, ila nayo ina ugonjwa wake: mkono mdogo unaokaza cheni ya ndani ya kusawazisha injini. Kwenye zile za kabla ya 2008 mkono huo ulipasuka. Za baadaye mkono uliimarishwa lakini springi bado huishiwa mvuto. Vipande hupatikana kwa kuagiza. Zile za 2008 zenyewe zinajulikana pia kwa kula oili, basi angalia kipimo cha oili kabla na baada ya kuijaribu.

Kinachowafanya watu wauze hizi mbili ni urefu. Kiti kipo karibu milimita 890 kutoka chini, na mtu wa kimo cha kawaida anasimama kwa ncha za vidole.

3. Honda Africa Twin CRF1000L

Tunasema zile za 2016 hadi 2019, cc 998. Ni injini ya kuaminika sana, na wenye nayo hawaiachii kirahisi. Ndiyo maana bei haishuki. Ukiipata, chanzo cha kuuzwa huwa ni uzito, kilo 232 zilizokaa juu, au mwenyewe kutaka ile ya cc 1084 iliyotoka 2020.

Za mwaka 2016 zilitoka na spoki zilizoshika kutu mapema. Kagua kila spoki pale inapoingia kwenye nipeli, kisha zigonge kwa spana ndogo: zote zitoe mlio unaofanana, ile yenye sauti ya kufa imelegea. Gurudumu la mbele ni la inchi 21 na zote mbili zina tyubu, maana yake pancha ya nyuma ni kufungua ekseli, kutoa gurudumu, kubandua tairi. Kama hujawahi kufanya hivyo, jifunze nyumbani kwanza. Zipo zenye klachi ya kawaida na zenye gia zinazojibadilisha zenyewe (DCT). DCT haina ubaya, lakini ina chujio la pili la oili ambalo mafundi wengi hawalijui; ikiwa historia ya matengenezo haionyeshi vichujio viwili, nunua ya klachi.

Yamaha Ténéré 700 ingekaa hapa au juu zaidi: cc 689, kilo 205 hivi, umeme kidogo, valvu hadi kilomita 40,000. Kinachoirudisha nyuma ni uchache wake sokoni na bei, ambayo bado iko karibu na ya mpya.

4. BMW R1200GS

Hakuna inayombeba mtu na mwenzake na mizigo vizuri kama hii kwa siku nzima, na wanaoipenda huzeeka nayo. Haina cheni, nguvu inakwenda nyuma kwa shafti. Kwenye zile za 2004 hadi 2012 valvu hupimwa kila kilomita 10,000, jambo linaloonekana usumbufu, lakini vichwa vya silinda vimetokeza nje pande mbili na kazi ni nyepesi.

Wanaoiuza wengi wamechoshwa na umeme. Kwenye zile za 2004 hadi 2012, pete inayosoma ufunguo ikifa, pikipiki haiwaki hata betri iwe mpya. Kidhibiti cha pampu ya petroli nacho huzima bila taarifa. Kuna kipimo cha petroli kinachodanganya. Halafu kuna difu ya nyuma: shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza kwa namna unayoihisi mkononi, au ukiona oili kwenye sili ya kitovu, beringi inakwenda. BMW waliita pia pikipiki za miaka hiyo kubadilishiwa kishikio cha alumini cha gurudumu la nyuma kwa sababu ya nyufa, na baadaye zile za 2013 hadi 2017 kwa ajili ya fimbo za shokapu za mbele. Dai karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi hizo zilifanyika kwenye namba ya chesesi unayoinunua.

Bila fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya BMW mjini kwako, iache.

5. Za mbio za cc 1000: Yamaha R1, Suzuki GSX-R1000, Honda CBR1000RR, Kawasaki ZX-10R

Ni nzuri kupita kiasi na huwa bei rahisi kuliko unavyotarajia. Urahisi huo una sababu. Tumbo lake linagusa matuta yetu. Foleni ya saa kumi na moja jioni inageuza fremu kuwa pasi kati ya mapaja, kwa kuwa redieta inahitaji mwendo ipoe. Tairi la nyuma la 190 linaisha katikati kwa kilomita elfu chache za barabara iliyonyooka, na bei yake inamtoa mtu jasho. Wengi huuza tairi linapoisha, na wewe unapewa lililobaki.

Kagua vizuizi vya usukani, vile vinundu vidogo kwenye shingo ya fremu ambako usukani hukomea ukiugeuza hadi mwisho. Vikiwa vimebonyea au kuvunjika, pikipiki ilianguka vibaya, hata plastiki zote ziwe mpya. Kwa GSX-R za miaka ya 2004 hadi 2013, uliza kuhusu silinda kuu ya breki ya mbele, ambayo Suzuki waliibadilisha kwa wenye nazo: oili ya breki iliyozeeka ilikuwa inakula pistoni yake na kuzaa gesi, mkono wa breki ukawa laini.

Ukaguzi wenyewe

Fika asubuhi na uguse injini kabla hujasalimiana kwa marefu. Ikiwa ya moto, imewashwa ili ikuwakie vizuri. Omba kurudi siku nyingine. Usitegemee sikio kwenye valvu. Kwenye injini zinazotumia shimu, vibati vidogo vya kurekebisha nafasi ya valvu, valvu hukaza kadiri zinavyokaa chini kwenye viti vyake, na valvu iliyokaza haipigi kelele. Huwa inajionyesha kwa kuwaka kwa shida, hasa ikiwa baridi. Ukimya wa injini si cheti. Cheti ni karatasi yenye vipimo vilivyoandikwa.

Nenda na mita ya umeme. Betri ikiwa imetulia isome volti 12.6 hivi. Washa, panda hadi mizunguko 5,000: isome kati ya 13.8 na 14.7. Chini ya 13.3 koili ya chaji au rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, imechoka. Juu ya 15 rektifaya imekufa na inaichemsha betri. Halafu fuata nyaya tatu za rangi moja, aghalabu njano, zinazotoka kwenye injini hadi kwenye plagi yake. Plagi ikiwa imegeuka kahawia na plastiki kulainika, hapo umeme unavuja kuwa joto, na safari ya usiku itaishia gizani.

Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno kiasi cha kuona mwanga, hesabu seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Inua mbele, geuza usukani polepole: ukikwama kidogo pale katikati, beringi za shingo zimechongeka. Tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita limekauka hata likiwa na meno yote.

Iliyotoka Uingereza itazame bolti zake: chumvi ya barabara za baridi huziozesha ndani ya alumini, na kuifungua moja kunaweza kuvunja nyuzi.

Karatasi

Kenya, uhamisho wa umiliki unafanyika kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, muuzaji akianzisha na wewe ukikubali. Tanzania ni kadi ya usajili ya TRA, mamlaka ya mapato. Linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo na iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Angalia kama benki ina mkono wake humo.

Wapo wasafiri wa kigeni wanaovuka Afrika na kutaka kuuza pikipiki Nairobi kwa bei ya kutamanisha. Pikipiki hizo huingia kwa kaneti, kibali cha muda, na ushuru haujalipwa. Bila ushuru huo kulipwa rasmi haiwezi kuwa yako, na inaweza kukamatwa ikiwa mikononi mwako.

Baki na angalau sehemu moja ya tano ya bei mfukoni. Wiki ya kwanza badilisha oili na chujio, oili ya breki, maji ya redieta, chujio la hewa na plagi. Kisha mpe fundi apime valvu, hata kama muuzaji aliapa zimepimwa.